Vunja Jungu kwa Mzee Mitomingi

Nilipokuwa kidato cha nne niliijua Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba, yote kichwani. Nilijua dhamira, migogoro, falsafa, msimamo, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Vyote hivyo vilikuwa kwenye kijitabu cha uchambuzi ambacho darasa zima tulikitoa fotokopi. Kitu kimoja tu sikukijua: kwamba inachekesha. Hakuna aliyeniambia, na kile kijitabu hakikuwa na kipengele cha kicheko.

Nimekuja kulijua hilo Machi 2023, nikiwa nimekaa kwenye dawati lenye mguu mmoja mfupi katika shule moja ya kata huko Mbagala, upande wa kuelekea Chamazi. Jina la shule naliacha, sababu mtaiona mbele. Nilialikwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa anaigiza mama yake Mazoea, kwa hiyo nikimsifia mama Mazoea msiniamini.

Onyesho lilikuwa lifanyike Aprili. Mwalimu wa Kiswahili alipoangalia kalenda akakuta Ramadhani inaanza ile wiki ya mwisho wa Machi, na mhusika wake mkubwa ni mlevi. Mbagala huwezi kumpandisha mlevi jukwaani mchana mbele ya watu waliofunga. Ukisubiri Idi ipite, mitihani ya muhula inabisha hodi. Basi mazoezi yakakatwa kutoka wiki sita hadi tatu, na mchezo ukasogezwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo. Pale getini mama mmoja akaniambia, "Karibu baba, leo tunavunja jungu." Alikuwa anatania, lakini mimi niliona kapatia kuliko tangazo lililobandikwa ukutani. Wabrazili wana kanivali yao kabla ya Kwaresima, sisi wa pwani tuna vunja jungu. Ni saa ya kula, kunywa na kusema usiyotakiwa kusema, kwa sababu kesho kutwa mdomo unafungwa.

Kwa aliyesahau kisa: Ngoswe ni karani wa sensa. Anatumwa kijijini kuhesabu watu, anafikia kwa Mzee Mitomingi, balozi wa nyumba kumi, mtu anayependa kinywaji. Huko anampenda Mazoea, binti wa mzee, ambaye ameshaposwa na mtu mwingine. Kazi inalala, mapenzi yanaamka. Anapanga kumtorosha binti, mambo yanafichuka, na mzee kwa hasira anazitia moto karatasi zote za sensa. Kwisha habari ya karani.

Vijitabu vya uchambuzi vinasema kisa hiki kinakemea uzembe kazini. Na kichwa cha kitabu chenyewe kinawaunga mkono, maana hukumu imeandikwa kwenye jalada kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Mimi siku hizi nadhani Semzaba, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutuachia pia Tendehogo na Marimba ya Majaliwa kabla ya kufariki Januari 2016, alijua vizuri sana anachokifanya. Aliweka hukumu nje ili ndani awe huru kucheza. Tatizo ni kwamba shule imesoma jalada.

Turudi Mbagala. Ukumbi ulikuwa madarasa mawili yanayotenganishwa na ukuta wa mbao unaofunguka. Pazia lilikuwa turubai la bluu la msibani. Jukwaa halikuwepo. Walichora mstari wa chaki sakafuni, na watoto wadogo waliokaa chini mbele wakawa wanauvuka kila dakika mpaka kaka mkuu akasimama na fimbo.

Ngoswe akaingia na kishikwambi. Hapo watu walicheka kabla hajasema neno, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Miezi saba tu ilikuwa imepita tangu sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, ile iliyotuambia Tanzania tuko milioni 61.7 na mkoa wa Dar es Salaam peke yake milioni 5.38. Kila mtu mle ndani alikuwa amefikiwa na karani mwenye kizibao na kishikwambi, akaulizwa ana vyumba vingapi, anapikia nini, choo chake cha aina gani. Na hiki alichoshika Ngoswe hakikuwa cha kuazima mbali. Baada ya sensa, vishikwambi viligawiwa kwa walimu. Kwa hiyo kifaa kilichohesabu watu mwaka uliopita kilikuwa mkononi mwa mwalimu wa Kiswahili, na sasa kimerudi kazini kwake kama mwigizaji. Sidhani kama kuna ukumbi wowote Ulaya uliowahi kupata kifaa cha jukwaani chenye wasifu mzuri namna hiyo.

Ila kilileta shida ya kimchezo, na hapa nataka niwe mkali kidogo. Kisa kizima kinategemea karatasi. Kishikwambi hakiungui kirahisi, na hata kikiungua, taarifa zilishatumwa makao makuu. Vijana walitatua hivi: Ngoswe anafika kijijini, mtandao hakuna, anaanza kuzungushazunguka na kishikwambi kichwani kama mtu anayetafuta chaneli, mwisho anakata tamaa anatoa daftari. Kama kichekesho, ni kizuri sana. Lakini kilipofika kilele, wakati karatasi zinaungua na Ngoswe amepiga magoti, sauti ikatoka dirishani: "Si ulishasevu?" Ukumbi mzima ukaanguka. Kijana aliyeigiza Ngoswe hakuwa na jibu, akabaki anatazama miguu yake. Mchezo ulikuwa umeufungua mlango huo wenyewe na haukuufunga. Sentensi moja tu ya mapema ingetosha, kwamba chaji imekwisha au kifaa kimeingia maji.

Kijana huyo, niseme tu, ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote. Mrefu, sura nzuri, sauti ya msoma taarifa ya habari, na hofu tupu. Alichaguliwa, nadhani, kwa sababu anafanana na mtu ambaye binti angemkimbilia. Lakini Ngoswe si mpenzi wa kwenye filamu. Ni ofisa wa serikali ambaye kila dakika anajiona mkubwa kuliko kijiji na kila dakika kijiji kinamshusha. Huyu alishuka tangu mwanzo, kwa hiyo hakuwa na pa kuangukia.

Mzee Mitomingi ndiye aliyebeba siku. Walimfanya mjumbe wa mtaa wa leo: koti la suti lililopauka juu ya msuli, mhuri kwenye mfuko wa shati, na kila anayepita anaambiwa barua ya utambulisho ipo tayari, "bado ya wino tu". Mjumbe wa kweli wa mtaa alikuwa amekaa kiti cha mbele, cha plastiki, chenye kitambaa. Watu walikuwa wanatazama jukwaa kwa jicho moja na yeye kwa jicho la pili. Kwa muda mrefu hakucheka. Kisha mzee akautoa mhuri, akaupulizia kwa mdomo kama wanavyofanya, akaugonga kwenye paji la uso wa Ngoswe. Mjumbe akaangua kicheko mpaka kofia ikadondoka, na baada ya hapo ukumbi ukawa umepata ruhusa.

Malalamiko yangu kwa Mitomingi ni moja. Kijana alikuwa anamwigiza King Majuto. Ile sauti ya kukoroma, ule mkono wa kiunoni, ile namna ya kumtazama mtu kuanzia viatuni. Nawaelewa. Majuto alifariki Agosti 2018, hawa walikuwa shule ya msingi, wamemjua kwenye simu za wazazi wao. Kwao mzee anayechekesha ana sura moja. Lakini Majuto alikuwa anachekesha kwa sababu mzee wake anajiamini mpaka mwisho, na Mitomingi ana kitu kingine: anaogopa. Ni balozi, nusu yake ni serikali na nusu ni baba wa nyumba, na karani aliyelala kwake amezivuruga nusu zote mbili. Hofu hiyo niliiona mara moja tu, dakika za mwisho, wakati kijana alipochoka na kusahau kuiga.

Sasa mapenzi. Utawala wa shule uliupitia mchezo wiki moja kabla na kutoa masharti. Kushikana hakuna. Kukaa jirani hakuna. Usiku hakuna, yaani ile safari ya kutoroka isionekane, isimuliwe tu. Mwalimu aliniambia umbali uliokubaliwa ulikuwa "mita mbili", na hakuwa anatania. Unaweza kucheka, lakini usisahau ni shule za nchi gani hizi. Ilikuwa hadi Novemba 2021 ndipo msichana aliyejifungua aliruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Mwalimu mkuu anapoona binti wa miaka 16 anamkimbilia karani jukwaani, mbele ya wazazi, haoni fasihi. Anaona barua ya kujieleza.

Na hofu hii ina historia. Kule Kenya, miaka ya 1950, wanafunzi wa Alliance High School walikuwa wanaandika na kuigiza tamthiliya za Kiswahili. Tazama majina yenyewe. Henry Kuria alituachia Nakupenda Lakini. Gerishon Ngugi akaja na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Mapenzi ya jukwaa la shule yamekuwa na "lakini" yake tangu hapo, na "kitovu cha uzembe" ni mtoto wa ukoo huohuo.

Waliyatekelezaje masharti? Hapa ndipo nilipoacha kuandika kwenye daftari langu nikawa mtazamaji tu. Ngoswe akasimama upande mmoja wa mstari, Mazoea upande wa pili, mita mbili kamili, na karani akaanza kumtongoza kwa dodoso la sensa. Jina kamili? Umri? Unajua kusoma na kuandika? Unaishi hapa au umelala hapa usiku wa kuamkia leo? Kila swali analiuliza kwa sauti ya kiserikali na kila swali maana yake ni nyingine. Mle ndani hapakuwa na mtu ambaye hakuulizwa maswali hayohayo Agosti iliyopita. Wazazi walikuwa wanapigana viwiko. Kisha akafika: "Hali ya ndoa?"

Mazoea, binti mfupi mwenye sauti kavu, hakujibu haraka. Akageuka akamtazama baba yake aliyekuwa anakoroma kwenye kona ya jukwaa, akamrudia karani, akasema: "Andika, bado wanajadiliana."

Sentensi hiyo haimo kitabuni. Mwalimu alisema haikuwemo hata kwenye mazoezi. Vijana walicheka kwanza, juujuu. Kicheko cha pili kilitoka nyuma, kwa wanawake waliosimama na watoto mgongoni, na kilikuwa cha chini, kirefu, cha watu wanaojuana. Mpwa wangu, mama mzazi kwenye mchezo, alinyanyua ungo akajifunika uso. Alikuwa anacheka kweli, akasahau maneno yake yaliyofuata. Sijali.

Nimeisoma tamthiliya tena baada ya hapo, na ninachokiona ni kwamba Mazoea ndiye mtu ambaye kila mmoja anamhesabu kwa hesabu yake. Kwa baba ni posa. Kwa karani ni mtu mmoja, jinsia ya kike, halafu mpenzi. Kwa vijitabu vya uchambuzi ni "chanzo", maana kama penzi ni kitovu cha uzembe basi lazima kuwe na mtu wa kulaumiwa, na Ngoswe tayari ana kazi serikalini. Miaka yote tumemwandika hivyo kwenye mitihani. Binti wa Mbagala alihitaji maneno matatu kumpa Mazoea akili, tena akiwa amezuiwa kusogea. Wenye masharti yao hawakujua wamesaidia nini. Ukimwondolea mwigizaji mikono na miguu, kama ana kipaji, anabaki na ulimi, na ulimi ndio waliotakiwa kuuogopa.

Muda mfupi baadaye mvua ikaja. Masika ilikuwa imeanza, na shule zetu zina bati tupu bila dari. Ilipopiga, hata mtu wa jirani yako humsikii. Nilidhani mchezo umekwisha. Lakini Mitomingi alikuwa katikati ya ulevi wake, na hakusimama. Akaendelea na mwili tu. Alijaribu kuketi kwenye kigoda mara nne na kukikosa kila mara kwa upande tofauti. Akalisemesha dumu. Akaliuliza swali, akalisikiliza, akaudhika na jibu. Mama Mazoea akaingia, akaona, akatoka, akarudi na ufagio. Dakika kama 10 hivi bila neno hata moja, na zilikuwa dakika bora za siku nzima, pamoja na ule Umajuto.

Hii wala si bahati. Jadi yetu ya kuchekesha ni ya zamani kuliko vitabu vya kuigiza, na sehemu yake kubwa haijawahi kuandikwa. Vilikuwepo vichekesho vya katikati ya onyesho la taarabu, watu wawili watatu wanaingia, wanatunga papo kwa papo, wanatoka. Ebrahim Hussein aliuchukua mtindo huo alipoandika Alikiona. Vilikuwepo vya shuleni, siku ya wazazi, vya mlevi na mkewe na mganga. Watoto wetu wanaijua jadi hiyo bila kufundishwa. Kinachofundishwa darasani ni kuitafutia dhamira.

Mvua ikapungua, tukafika kwenye moto. Moto wa kweli ulikatazwa, na safari hii utawala ulikuwa sahihi kabisa, ule ukuta wa mbao ungewaka kama kibiriti. Wakatandika kanga nyekundu na ya njano juu ya jiko, chini yake tochi, mtoto mmoja amejificha anapeperusha. Mitomingi akaingia na bunda la karatasi mikononi. Hakuwa Majuto tena. Sauti ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele na mvua, akaanza kutupa karatasi moja moja, polepole, na mikono inatetemeka.

Nilitegemea kimya. Badala yake wanafunzi walilipuka kwa shangwe. Kila karatasi ikianguka, makofi. Wavulana wa nyuma wakapanda juu ya madawati. Mimi sikuelewa mpaka karatasi moja ilipopeperuka ikaja miguuni kwangu: ilikuwa karatasi ya mtihani wa Kiswahili, imesahihishwa kwa wino mwekundu, 31 kwa 100. Waandaaji walikosa karatasi za kuchoma, mtu kabatini akaona bunda, akalichukua. Mitomingi alikuwa anachoma mtihani wa majaribio wa kidato cha tatu mbele ya kidato cha tatu.

Nafahamu kwamba ilikuwa ajali. Lakini nitaitetea kama tafsiri, tena bora kuliko zote nilizowahi kusoma za tamthiliya hii. Tumezoea kumsoma Ngoswe tukiwa tumesimama upande wa serikali: takwimu zimeungua, hasara iliyoje, maendeleo yamekwama. Hasara ipo, sikatai. Nchi isiyojijua idadi haiwezi kupanga madawati, na dawati langu lilikuwa ushahidi. Lakini vichekesho havichekwi kutoka ofisini. Vinachekwa kutoka upande wa wanaohesabiwa, na wanafunzi wa shule ya kata ni watu wanaohesabiwa kila siku, kwa namba ya mtihani, kwa nafasi darasani, kwa daraja la shule kimkoa. Karani kwao ana sura wanayoifahamu. Kumwona mzee mlevi, mwoga, mwenye mhuri wake wa mtaa, akizirudisha hesabu hizo motoni, hata kwa dakika mbili, hata kwa moto wa kanga na tochi, ilikuwa ni furaha ambayo uchambuzi hauna safu ya kuijaza. Na niliona pia kwamba walimu wawili walicheka. Mmoja alikuwa anasahihisha Hisabati.

Kisha mwalimu wa zamu akapanda na kipaza sauti. Makofi hayajaisha. Akasema, "Haya, haya, kaeni. Tumejifunza nini?"

Kwa miaka nimekuwa nikijiuliza ni wakati gani hasa mtu anaacha kuipenda fasihi, na nadhani nimeuona. Sauti 400 zikajibu kwa pamoja, kwa mdundo, kama wanasoma jedwali la kuzidisha: penzi ni kitovu cha uzembe. Walewale waliokuwa juu ya madawati. Mwalimu akaridhika, akawashukuru wageni, akatangaza soda kwa waigizaji. Mjumbe akaombwa aseme neno, akasema serikali ya mtaa iko pamoja na vijana, na barua za utambulisho ni bure. Watu wakacheka tena. Huyo angalau aliuelewa mchezo.

Nilimngoja mpwa wangu nje, chini ya mwembe uliokuwa bado unadondosha maji. Alichelewa. Nilipoingia kumtafuta nikamkuta yuko na Mazoea, wamepiga magoti mbele ya jiko, wanakusanya karatasi moja moja, wanazinyoosha kwenye mapaja, wanazipanga kwa namba. Mwalimu alikuwa hajahamishia alama kwenye daftari. Mazoea aliiona yake, akaitazama kidogo, akaikunja mara nne na kuitia kwenye soksi.

"Hiyo si unatakiwa kuirudisha?" nikamuuliza.

"Shikamoo mjomba," akasema, na akaendelea kuokota.